Mpira wa Mchezaji wa Pili

Sitaki mtu aniambie eti ni uchovu. Wawili wameshaniambia, na mmoja ni mchungaji wangu. Mimi ni Mulinge, fundi wa hapa Kitengela. Miaka kumi na nne nimekaa nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya mashine za watu, na waya mbovu naujua. Hii haikuwa waya.

Ilikuwa Alhamisi, jioni, jua limebaki kidogo upande wa Ngong. Nilikuwa nafunga kibanda nirudi nyumbani simu ikalia. Alikuwa Selpha, ambaye majirani humwita Mama Whitney.

"Fundi, ile mashine ya mpira. Kuna mtu wa Kiserian anataka kuinunua. Anakuja kuiangalia kesho asubuhi, na amesema kama haifanyi kazi haichukui. Nakuomba."

Ile mashine nilikuwa nimeisikia tu. Bwana yake, Sydney Okoth, alikuwa anashughulikia mizigo ya watu pale mpakani Namanga. Kulikuwa na mtu wa baa alikufa, mzigo wake ukakosa mwenyewe, na ndani ya mzigo kulikuwa na hii mashine ya kizamani. Sydney akaipenda, akaileta nyumbani na pickup. Kama hujawahi kuona moja, ni meza ndefu imeinama, ina kioo juu. Unavuta springi, mpira wa chuma unaruka juu, unagonga kengele na taa huku ukiteremka. Kazi yako ni kuuzuia usiingie kwa shimo lililo chini. Unauzuia na vikono viwili vya plastiki, cha kulia na cha kushoto, ambavyo unabonyezea kwa ubavu wa meza. Watoto wakubwa wanaipenda sana.

Sydney mwenyewe sasa alikuwa amelala chumba cha ndani. Miezi tisa. Alianguka akiwa anaicheza, na tangu siku hiyo macho yako wazi lakini hasemi, hageuki, anakula na mrija. Hafi, haponi. Selpha alitaka kuuza mashine ampeleke kwa madaktari wengine. Nilimwonea huruma, kusema kweli. Ningekuwa na akili ningemwambia tuonane kesho.

Nilipofika alinifungulia, akaniongoza hadi sebuleni. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka. Kulikuwa na harufu. Si mbaya sana... kama samli iliyokaa karibu na moshi.

"Imekataa nini?" nikauliza.

"Mpira umekwama mahali, siuoni. Na kikono cha kushoto hakiinuki." Akashusha sauti. "Fundi, acha nikwambie tu. Mama Sydney alikuja kutoka Busia hiyo wiki Sydney aliugua. Siku ya kurudi aliniambia hii mashine isiguswe. Hakusema sababu. Lakini yeye haishi hapa. Si yeye anambadilisha huyu mtu shuka kila asubuhi."

Nikasema, "Wazee wako na mambo yao." Nikafungua begi.

Nikachomeka waya kwa ukuta. Taa zikawaka, na ile ndogo yenye namba moja, ya mchezaji wa kwanza, ikabaki imewaka. Hizi mashine za zamani hazina kompyuta, mchezo unakaa pale ulipoachwa. Ule mchezo wa Sydney ulikuwa bado unaendelea. Nililiona hilo na halikunishtua hata kidogo. Nikatoa kioo, nikawasha tochi, nikaanza kutafuta mpira.

Nikauona. Ulikuwa juu kabisa, chini ya daraja la plastiki. Haukuwa umekwama.

Ulikuwa umefungwa.

Uzi mwekundu, wa pamba, umezungushwa mara nyingi sana, ukafungwa kwa msumari na mafundo madogo madogo. Harufu ya samli ilikuwa inatoka hapo.

Sasa niwaambie kitu kuhusu mafundi, na msicheke. Fundi yeyote akifungua mashine, jambo la kwanza ni kumtukana fundi aliyepita. Ni kama salamu yetu. Ukikuta waya umefungwa na mpira wa tyubu, ukikuta njiti ya kiberiti mahali pa skrubu, unasema, "Ni mjinga gani alishika hii?" Mteja anaogopa, anakuheshimu, kazi inaendelea. Nimesema hayo maneno mara elfu. Yametoka yenyewe.

"Ni mjinga gani alishika hii?" nikasema, na nikakata uzi na koleo. Sikumuuliza Selpha. Sikumwonyesha hata.

Mpira ukaanza kuteremka.

Ting.

Kengele moja ikalia. Na kutoka chumba cha ndani mtu akakohoa.

Selpha aligeuza shingo pole pole. Ting, ting. Mpira ukagonga kichwa cha taa, ukarudi juu, na ile sauti ikasema, vizuri kabisa, kama mtu ameamka kutoka kwa usingizi wa mchana:

"Selpha? Niko na njaa."

Jamani. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu na nilihisi mkojo.

Mpira ulikuwa unakuja chini. Sikufikiria. Nikabonyeza ubavu wa kulia, kikono kikaupiga, ukapanda tena. Selpha alikuwa ameshakimbia ndani. Nikasikia akilia na kucheka kwa wakati mmoja, halafu nikasikia miguu. Ya watu wawili. Sydney alitokea mlangoni akiwa ameshikilia ukuta, amekonda, pajama zinamwanguka, na akaniangalia.

"Supa," akaniambia. Hiyo salamu ya Kimaasai aliizoea Namanga. "Wewe ni nani, ndugu?"

"Fundi," nikasema. Macho yangu yalikuwa kwa mpira.

Uliteremka upande wa kushoto. Kile kikono kilikuwa kimekufa, nami nilikuwa sijakitengeneza. Nikaingiza mkono nikaudaka. Sydney akashika kifua, pumzi ikakatika, magoti yakakunjika.

"Achilia!" Selpha akapiga kelele. "Fundi, achilia!"

Nikaachilia. Pumzi ikarudi. Hapo ndipo mimi na Selpha tulielewa, bila mtu kueleza mwenzake. Mpira ukitembea, Sydney yuko. Ukishikwa, anazimika. Na ukiingia kwa shimo...

"Cheza," Selpha akaninong'oneza. "Tafadhali. Usiache uanguke."

Mimi sijui kucheza. Najua kutengeneza. Nikachukua bisibisi yangu ndefu, nikageuza mpini wake ukawa kikono cha kushoto. Mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unasukuma na bisibisi. Jasho lilikuwa linaingia machoni na sikuwa na mkono wa kupangusa. Ile swichi ya kushoto nilikuwa naiona kabisa kwa chini, ncha zake zimeungua. Dakika tano na kipande cha msasa, imepona. Dakika tano sikuwa nazo. Hata moja.

Selpha alimkalisha mumewe kwa kiti. Akamletea ugali wa mchana na mboga baridi, na Sydney akala. Akauliza Whitney yuko wapi. Akaambiwa yuko shule ya bweni, kidato cha kwanza. Akashangaa, akasema, "Ameanza lini?" Selpha akamshika uso na mikono yote miwili, akambusu kwenye paji la uso mbele yangu bila aibu.

Robo saa, labda. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Lakini nilikuwa nimeanza kuuzoea, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeanza kujua unakuja wapi. Nilijiambia, Selpha apige simu aite fundi mwingine, mmoja acheze, mwingine atengeneze. Nikafungua mdomo nimwambie.

Stima ikapotea.

Mtaa wote. Giza la Kitengela mnalijua. Nikabonyeza kulia, hakuna kitu. Nikapapasa na bisibisi, nikagonga mbao.

Nilikuwa nausikia. Mpira wa chuma juu ya ubao, unateremka bila haraka, grrr... unagonga raba ya pembeni, unatulia kidogo, unaendelea. Nikatupa bisibisi nikaingiza mikono yote miwili gizani. Ukapita kati ya vidole vyangu. Niliuhisi. Ulikuwa na joto.

"Selpha," Sydney akasema, "mbona umezima taa?"

Tok.

Kijiko kikaanguka kwa sakafu.

Nilipowasha tochi ya simu Sydney alikuwa bado ameketi. Selpha alikuwa amepiga magoti, ameweka kichwa kwa mapaja yake, anamsugua miguu ili ipate joto. Nilitaka kusema pole, lakini pole ya nini, na mimi ndiye nilikata?

Ndipo simu ya Selpha ikalia mezani. Hakuishika. Ililia, ikalia, nikaipokea mimi. Sauti ya mama mzee.

"Nani amefungua?"

Sijui alijuaje. Hadi leo sijui. Nikamwambia ni fundi.

"Umekata?"

"Nimekata, mama. Nisamehe."

Akavuta pumzi. "Huo uzi niliutoa kwa leso niliyombebea mgongoni akiwa mtoto. Sikuweza kumponya. Nilimfunga tu asiende, nikitafuta mtu wa kumponya. Nilikuwa nimeshampata." Nilimsikia akilia kwa sauti ya chini. Halafu akauliza, "Baada ya kukata, kuna mtu alicheza?"

"Mimi."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Mama yako ako hai?"

"Ako. Kibwezi."

"Mwambie atafute leso aliyokubebea."

Stima ikarudi wakati huo. Mashine ikawaka. Ile taa ndogo yenye namba moja ilikuwa imezima. Namba mbili ilikuwa inawaka. Na kule pembeni, kwenye njia ya springi, mpira ulikuwa umeshapanda wenyewe. Umetulia. Unangoja kuvutwa.

Nilichomoa waya kwa ukuta, nikakimbia. Begi langu liliachwa hapo. Mke wa mtu nilimwacha na maiti nikakimbia, na hilo pia nalijua.

Mama yangu, Kaluki, aliposikia swali langu alicheka kwanza. "Leso, Mulinge? Si hiyo ilichakaa nikapangusia meza." Nilimwomba atafute. Nililia kwa simu, akaacha kucheka. Alitafuta siku sita. Siku ya saba akapata kipande kama kiganja, amekishonea kama kiraka kwa foronya ya dada yangu. Akakiweka kwa bahasha, akakituma na basi. Nilikipokea leo saa sita.

Nilikimbia moja kwa moja hadi kwa Selpha na kipande changu mfukoni. Nikapata mlango umefungwa. Jirani akaniambia wamesafirisha mwili Busia, wanazika Jumamosi. Na mashine? Mashine shemeji yake Selpha aliitoa jana, akampa yule mtu wa Kiserian, Kuntai, mwenye bucha. Alimpunguzia bei kwa sababu ya kikono.

Nikapata namba ya Kuntai. Mtu mzuri, mcheshi.

"Fundi! Nilikuwa nakutafuta. Iko hapa, wateja wangu wamenizunguka wanataka kuijaribu. Mpira umekaa tu kwa springi."

"Usivute. Tafadhali. Nakuja saa hii."

"Kwani kuna nini?"

Ungesema nini, wewe? Nilisema kikono cha kushoto kimekufa, watauharibu mchezo. Akacheka. "Kwani kikono kimoja hakitoshi? Lakini usiwe na wasiwasi, huku stima imepotea tangu asubuhi. Ikirudi ndio tutavuta. Ukiwahi, sawa." Nikaanza kumweleza ukweli, nikaanza na leso, na sauti ikakatika. Nimepiga tena mara ishirini. Amezima. Chaji imeisha, si ndio? Hakuna stima.

Nilichukua boda, tukapita njia ya mkato. Mvua ilianza kabla hatujafika Tuala, na sasa niko hapa, kwa mto, na daraja halionekani. Maji yamepita juu yake, ya rangi ya chai. Mwenye boda amekataa kabisa, na simlaumu. Kuna watu kama thelathini wamesimama hapa wakingoja yashuke. Mmoja ndiye ameniuliza haraka yangu ni ya nini, ndio nikaanza kusimulia. Nimesimulia nikiwa nimeshika hiki kipande cha leso, nikivuta nyuzi zake moja moja, nikizisokota ziwe tayari kufunga ule mpira. Mkono wa kushoto haunisaidii sana. Tangu asubuhi hauinuki vizuri.

Maisha yangu yote nimekaa gizani nikiomba stima irudi. Leo ndio mara ya kwanza naomba ikae huko huko ilikoenda.

Mama mmoja hapa kando yangu, mwenye mwavuli, amenishika bega. Ananiambia nisiangalie. Lakini nimeshaangalia. Ng'ambo ya mto, kwenda juu upande wa Kiserian, taa zimeanza kuwaka.