Jina Lililokubaliwa na Kompyuta

Ochola alikuwa hajaingiza sidii, na tayari kompyuta ilikuwa inamwambia programu imekataa kuingia. Mwenye akili angejiuliza. Ochola, aliyejiita fundi kwa sababu aliwahi kumtengenezea jirani printa, alitukana tu akaisukuma sidii ndani.

Ilikuwa programu ya hesabu. Ofisi moja ya Hurlingham ilikuwa imekubali mkewe, Lornah, afanyie kazi nyumbani kwao Kangemi, asilazimike kumwachia msichana wa kazi mtoto wao Ivyne, ambaye hata kuketi mwenyewe alikuwa hajajua. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa roho ya Lornah. Jumatatu kazi ilipaswa kuanza, na hii ilikuwa Jumamosi mchana.

"Hii mashine uliitoa wapi, Baba Ivyne?" Lornah aliuliza, akimlaza mtoto kitandani.

"Si nilikushow ni ya ofisi ilifungwa? Wacha maswali mob."

Programu ilikaribia mwisho, ikauliza jina la mwenye mashine. Ochola akaandika lake. Ikakataa. Akaanza upya, ikakataa tena, na kila ikikataa spika zilitoa kilio chembamba na chumba kikanuka maziwa yaliyochacha. Ochola akachomoa spika. Kilio hakikukoma.

Mlangoni, mamake Ochola, Mama Philister, aliacha kukata sukuma wiki.

"Ochola," alinong'ona, "hiyo kitu inalia ikitaka jina. Kwetu mtoto akilia hivyo tunamwitia majina ya waliokufa, moja moja. Jina yenye atanyamazia ndiyo yake. Lakini hiyo si mtoto wetu. Usiipatie jina. Zima, tuite watu wa maombi."

"Izime tu, tafadhali," Lornah akaongeza.

"Mnaniona mimi mshamba? Kama inataka wafu, nitaipea wafu!"

Hasira hasara, lakini nani angemwambia? Akaandika jina la babu yake, ikakataa. La ami yake, ikakataa. Akaendelea kuwataja marehemu wa ukoo mzima huku akibamiza vitufe, jasho likimtiririka, kilio kikipanda na ile harufu ikizidi kuwakaba koo, mama yake akimsihi kwa sauti ya chini kwamba sasa inatosha, mwanangu, inatosha, naye akizidi kuwaka kana kwamba mashine ile ni mwanamume aliyemtemea mate mbele ya mkewe.

"Basi shika hii!" akafoka, akaandika *Ivyne*.

"Usitaje aliye hai!" Mama Philister alipiga ukemi.

Programu ikaingia yote, bila kosa hata moja. Kilio kikakatika. Ochola akageuka akitabasamu, yule mjinga.

"Si mnaona?"

Lornah alikuwa amegeukia kitandani, ambako mtoto alikuwa ameketi wima, mgongo umenyooka, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mgeni anayekagua nyumba anayotaka kupanga.

"Ivyne?" Lornah aliita polepole.

Yule wa kitandani hakugeuka. Aliyeitika alikuwa ndani ya kompyuta. Alilia kile kilio cha kukwamakwama ambacho Lornah angekitambua hata kati ya watoto mia.

Lornah akanyakua nyundo kati ya vifaa vya Ochola, akaiinua juu ya mashine, mkono ukamgandia hewani. Angevunja nini? Ochola, uso umemwishia damu, akanyoosha mkono kwenye swichi ya umeme ukutani.

"Ukigusa hapo nitakuua!" Lornah alinguruma, na nyundo sasa ilikuwa imemwelekea yeye. "Ukizima, utakuwa umezima nani? Nani, Ochola? Nilikwambia uzime ukakataa. Mamako alikwambia. Wewe na kiburi chako!"

Ochola akarudi nyuma akilia. Lornah akapiga magoti, akakikumbatia kile chuma kilichopata joto, akaanza kukibembeleza.

Redio ya jirani ikanyamaza ghafla. Nje, wapangaji wa ploti wakaanza kulalamika kwamba stima imepotea tena.

Kompyuta ikawa nyeusi, na kilio kikakoma. Kitandani, yule mwingine akafungua mdomo na kumnyooshea Lornah mikono, akitaka kunyonya.