Mwendo wa Mwezi kwa Nazhika Moja

Ittichira alipakua uji wa mchele na fenesi. Mumewe, Chathu, hakuja kula. Alikuwa barazani, anasogeza kauri juu ya ubao wa hesabu. Chathu alikuwa kaniyani wa kijiji, mtu wa kuhesabu nyota na siku. Kesho kutwa jua lingepatwa.

"Nazhika ya kumi tangu macheo," alisema.

Siku nzima, mchana na usiku, ina nazhika sitini. Kila nyumba ingepika, ingekula kabla jua halijapatwa na kushuka mtoni kuoga, kama desturi, kwa neno lake.

"Una hakika, Baba Chirutha?" mkewe aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mara iliyopita tulisimama mtoni mpaka vidole vikakunjamana, jua linatutazama tu."

"Hesabu hii ni ya babu yangu!"

"Babu yako hachekwi kisimani. Ninachekwa mimi."

Chathu alirudi kwenye kauri zake. Wakuu wa hekalu walikwisha sema: akikosea tena, wataleta kaniyani mwingine. Kazi nyingine hakuijua. Ittichira alimwonea huruma, akaacha uji wake.

Akaenda kwenye uzio. Upande wa pili Bibi Savitri alikuwa akitunga maua ya hekalu. Kaka yake bibi huyu alisomea hesabu ng'ambo ya mto, na alikuwa akikariri masomo kwa sauti. Bibi alitunga maua na kusikiliza, na masomo yakamkaa kichwani.

"Bibi," Ittichira aliita kutoka mbali, kama desturi ya matabaka ilivyotaka, "kwa nini mwezi unamdanganya mume wangu?"

"Anauhesabuje?"

"Anachukua safari yake yote angani, siku ishirini na saba. Anaigawanya sawasawa."

Bibi alicheka. "Chathu hutumia nazhika ngapi kufika sokoni?"

"Sita. Nane, akipita kwa mgema."

"Basi! Kilimani anakokota miguu. Mteremkoni anakimbia. Kwa mgema anaganda. Ukigawa safari nzima sawasawa, utajua alipo?"

"Thubutu! Nitamtafuta bure."

"Mwezi nao ni hivyo hivyo. Siku nyingine una haraka, siku nyingine unajivuta. Usitafute mwendo wa safari nzima. Tafuta mwendo wa wakati ule ule jua linapopatwa."

Ittichira aliwaza. Jambo hili lilimwasha. "Lakini Bibi, katika wakati mmoja tu mwezi haujasogea. Nitapimaje mwendo wa kitu ambacho hakijasogea?"

Bibi aliweka maua chini. "Hilo ndilo lililomkosesha kaka yangu usingizi! Pima mwendo wa siku ile, uugawe kwa nazhika zake. Kisha wa nusu siku. Kisha wa nazhika moja. Kila ukipunguza kipande, jibu linabadilika kidogo tu, halafu kidogo zaidi, mpaka linatulia. Linapotulia, hapo umeupata."

Ittichira alipomweleza, Chathu alikunja uso. "Sasa watunga maua wananifundisha mwezi?"

"Hesabu tu. Ukiona ni upuuzi, nicheke."

Alihesabu mpaka alasiri. Hakucheka.

"Nane na nusu," alisema kwa sauti ndogo. "Siku hiyo mwezi una haraka."

Akaenda hekaluni kubadili neno lake mbele ya watu. Watu walimgunia.

Siku ilipofika, watu walijaa mtoni. Tangu macheo, bakuli la shaba lenye tundu dogo lilielea kwenye beseni la maji. Kila likizama, nazhika moja imepita. Likazama mara ya saba. Likazama mara ya nane. Jua lilikuwa zima, na mtu mmoja akaanza kucheka.

Mara ya tisa, bakuli lilikuwa limejaa nusu pale ukingo wa jua ulipomegwa. Watu walipiga kelele, wakajitosa majini.

Hesabu ya namna hiyo, ya kukata vipande vidogo na vidogo zaidi, leo shuleni huitwa kalkulasi. Watu wa nchi nyingi waliijenga, kila mmoja na sehemu yake, kwa mamia ya miaka.

Wakuu wa hekalu hawakutaja tena kaniyani mwingine. Alasiri ile Chathu alikwenda mwenyewe kwenye uzio, akasimama kwa mbali, akakohoa.

"Bibi," alisema, "nina swali."

"Ngoja zamu yako, Baba Chirutha," alijibu Ittichira, aliyekuwa amekaa pale tangu adhuhuri. "Mimi nimetangulia, na nina matatu."