Hannelore Alinifukuza Kwenye Kiti Changu Mbele ya Behewa Zima

"Hicho kiti kina mwenyewe, bibi. Naomba uondoke."

Aliyeniambia hayo ni Hannelore.

Hannelore niliyemsimamia kwenye harusi yake. Hannelore aliyenishika mkono siku namzika mume wangu. Tuko ndani ya treni, tumetoka Paris tunakwenda Zurich, behewa limejaa, mimi nimetoka tu msalani narudi kukaa…

Nikacheka. Nilijua ananitania.

"Hebu toa huo mkoba wako, nikae."

Akausogeza mkoba katikati kabisa ya kiti changu, akaukandamiza kwa mkono.

"Bibi, nimekuomba kistaarabu. Hapa pana mtu."

Jamani, damu ilinichemka. Na wala si kwa sababu ya kiti.

Ngoja niwaeleze mnielewe. Sisi Wajerumani tuna "wewe" mbili. Kuna *du*, hiyo ni ya mtu wako. Halafu kuna *Sie*, hiyo ni ya polisi, ya daktari, ya mtu msiyejuana. Du haiokotwi njiani, unapewa, na anayetoa ni mkubwa. Hannelore alikuja dukani kwangu miaka akiniita Sie, mpaka siku alipoinua glasi ya mvinyo akaniambia, kuanzia leo tuitane du. Ukishapewa hunyang'anywi. Mtu akikurudisha kwenye Sie mbele za watu, amekufuta. Bora akuteme mate.

Na Hannelore alinirudisha kwenye Sie. Kwa sauti ile ya kumsema mtu aliyejipenyeza kwenye foleni.

Behewa zima limegeuka linaniangalia. Mimi na mvi zangu nimesimama pale katikati ya njia, nimeshika kitambaa cha kukaushia mikono.

Mimi naitwa Gerlinde. Nimeuza nyama Osnabrück tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu. Mdomo wangu unajulikana, sijisifii, muulizeni yeyote. Safari hii tulikuwa wanne: mimi, Hannelore, mume wake Volkmar, na Roswitha, mwalimu mstaafu ambaye hata akiomba chumvi ananong'ona. Sisi wanne tunacheza karata kila Alhamisi. Mchezo wetu unataka watu wanne kamili, mmoja akikosekana hakuna kucheza, kwa hiyo tumezoeana mpaka tunajuana vikohozi.

Wazo la kuzunguka Ulaya alikuja nalo Volkmar. Hapo tu ningeshtuka! Mtu ambaye akifika Münster, mji wa jirani tu, anaanza kuulizia treni ya kurudi, eti leo anatupangia Brussels, Paris, halafu tumalizie kupumzika ziwa la Konstanz.

Vituko vilianza Brussels. Tulicheza karata hotelini, mimi na Hannelore tuko upande mmoja, yeye ananifunga mimi badala ya kuwafunga wao. Nikamuuliza, "Shoga, uko upande wa nani?" Akanitazama tu. Paris, wakati wa chai ya asubuhi, akamnong'oneza Roswitha huku jicho liko kwangu. Roswitha akainamia yai lake, masikio yamemwiva.

Nikavumilia. Nikasema labda ni uchovu wa safari.

Lakini hili la kiti… hapana.

Nikamgeukia Volkmar. "Bwana wewe, mkeo ana nini?"

Hata hakuniangalia. "Gerlinde, kaa tu pale mbele, pana nafasi. Usibishane naye."

"Nisibishane naye? Kiti hiki nina tiketi yake!"

"Najua. Nakuomba."

"Roswitha, na wewe umeona sawa?"

Roswitha akanong'ona kitu akiangalia dirishani. Sikukisikia, na sidhani kama alitaka nikisikie.

Basi nikachukua koti langu nikaenda kukaa mbele, karibu na kijana mmoja anayekula vitunguu. Nilikaa pale nikaunganisha mambo yote: minong'ono, karata, Volkmar kunikwepa macho. Nikapata jibu langu. Wamekaa watatu wakaniondoa. Wamenichoka, na hawana hata ujasiri wa kuniambia, wamemtuma Hannelore anitoe kwa Sie.

Nikasema leo mtanijua.

Nilimuona Roswitha anaelekea behewa la chakula, nikamfuata. Nikamkuta anachanganya chai ambayo haina hata sukari.

"Nimewakosea nini?"

"Hujakosea, Gerlinde."

"Basi nakwenda kumuuliza mwenyewe."

Akanidaka mkono. Mara ya kwanza maishani namsikia anapaza sauti. "Usimuulize chochote! Tafadhali. Tumebakiza kesho tu."

"Kesho kuna nini?"

Uso ukamwiva mpaka shingoni.

"Roswitha. Kesho kuna nini?"

"Nilimuahidi Volkmar," akasema, na machozi yakamtoka.

Sikumngoja amalize kulia. Mtu anayelia badala ya kujibu ananipandisha hasira mara mbili. Nikarudi kwa Hannelore. Volkmar nilimwona kule mwisho wa behewa ameinamia simu, amenipa mgongo.

Hannelore yuko peke yake. Mkoba bado uko juu ya kiti changu.

Nikaamua, kama ni Sie, basi tuitane Sie. Nikamrudishia ile ile, ya baridi, ya kumwambia mteja tumefunga, na jina lake la ukoo juu.

"Samahani sana, Bibi Tiemeyer. Ningependa kujua huyo mwenye kiti ni nani."

Nilitaka aone haya. Nilitaka imchome kama ilivyonichoma.

Wala hakuchomeka. Uso wake ukalainika.

"Afadhali wewe umeuliza kwa adabu," akasema. "Kiti ni cha rafiki yangu. Gerlinde."

"…Nani?"

"Gerlinde. Ana duka la nyama. Lazima afunge kwanza ndipo aje, si unajua wateja wa jioni."

Nikashika kiti cha mbele.

"Unamfahamu?" akaniuliza.

"Namfahamu… kidogo."

"Basi ukimwona mwambie afanye haraka. Treni imeondoka na yeye hajafika. Kila mtu anataka kukaa hapa, nimechoka kuwafukuza."

Jamani! Alikuwa ananipigania mimi, yule wa zamani wa dukani. Siku nzima amekaa pale analinda kiti changu, na mtu aliyekuwa anamfukuza ni mimi. Na mimi, kwa ujeuri wangu, nilipomjibu kwa Sie nikazidi kuwa mgeni kwake.

Sikujua hata niweke wapi mikono.

"Ana mdomo mchafu huyo," akaendelea, sasa ananiongelesha vizuri kabisa. "Lakini namhitaji. Hawa wawili wananipeleka mahali, nikiuliza wananiambia ziwani, ziwani. Ni Juni, bibi. Nimefungua sanduku langu nikakuta makoti yangu yote ya baridi na picha ya mama yangu iliyokuwa ukutani. Nani anakwenda kuogelea na picha ya mama yake?"

Akaupangusa mkoba pale juu ya kiti.

"Gerlinde hajui kudanganya," akasema. "Akija nitamuuliza yeye."

Nikamfuata Volkmar kule mwisho wa behewa. Nikamnyang'anya simu mkononi.

"Makoti ya baridi ya nini?"

Akawa mweupe.

"Volkmar, nitapiga kelele humu ndani mpaka treni isimame. Makoti ya nini?"

Akaegemea mlango wa choo, akasema yote. Hannelore ana ugonjwa wa kusahau. Daktari alimwambia mwenyewe, kesho yake akasahau, na Volkmar hakumwambia tena. Konstanz kuna nyumba ya kutunza watu kama yeye. Kwetu foleni ni ndefu, kule kilipatikana chumba. Kesho tungekwenda kutembea ufukweni, tungeingia pale kunywa kahawa, kisha sisi watatu tungetoka…

"Na yeye?"

Akanyoosha mkono achukue simu yake.

"Volkmar, na yeye?"

"Wamesema ni rahisi zaidi mtu asipoambiwa."

"Roswitha alijua?"

"Alijua."

"Na mimi mlinileta ili iweje? Nimbebee mkoba?"

"Bila wewe asingekubali kusafiri," akasema. "Na nisingeweza kukueleza. Wewe ungemwambia."

"Ndiyo! Ningemwambia!"

Watu wakageuka. Waangalie tu.

Akaanza kulia na yeye. "Hujui, Gerlinde. Hujawahi kuamshwa na harufu ya gesi. Hujawahi kumtafuta mkeo barabarani kwenye theluji, amevaa gauni la kulalia. Silali. Moyo wangu wenyewe ni mgonjwa."

Nitasema ukweli, nilimhurumia. Lakini hasira haikutoka.

"Kuchoka una haki," nikamwambia. "Kutafuta msaada una haki. Ila ulikuwa unakwenda kumtelekeza mkeo kwa kumzuga na kahawa. Angekaa pale anatungoja mpaka kiza, akidhani tumekwenda kuagiza keki."

Nikamwacha pale pale.

Nilipofika kwa Hannelore nilitaka kumwambia mimi ndiye Gerlinde. Nikasita. Angeona na mimi namdanganya, na alikuwa ameshadanganywa vya kutosha. Nikachuchumaa pembeni ya kiti, magoti yanapiga kelele, nikabaki kuwa yule bibi asiyemjua.

"Bibi Tiemeyer, umesema unataka mtu akwambie."

"Ndiyo."

"Unaumwa. Kichwa chako kinasahau, na kitazidi kusahau. Mume wako amechoka sana. Kesho wanataka kukuacha kwenye nyumba ya wagonjwa pale ziwani, bila kukuambia."

Volkmar alikuwa ameshafika nyuma yangu. Roswitha naye, na kikombe chake mkononi.

Hannelore akamwangalia mume wake.

"Ni kweli?"

Volkmar akaitikia kwa kichwa.

"Ulitaka kuniacha huko ukiniambia tunakwenda kuangalia bata ziwani?"

"Hanne… nilitaka usiumie."

"Nimeumia," akasema. "Kuugua nilikuwa nahisi. Mtu anahisi. Nilifikiri nimewakosea nyote ndiyo maana mnanong'ona." Akamgeukia Roswitha. "Na wewe, mwalimu. Ulikuwa unaninyooshea kola asubuhi huku unajua."

Roswitha akamwagikiwa na chai.

Tulishuka Zurich. Volkmar akaanza kuburuta lile sanduku kubwa kuelekea treni ya ziwani, kwa mazoea tu nadhani, hata yeye hakujua anafanya nini. Hannelore akasimama katikati ya watu, mkoba kifuani.

"Mimi narudi Osnabrück," akasema. "Narudi na huyu bibi. Simjui, ila nimeuliza siku nzima na ni yeye peke yake aliyenijibu."

Akanishika mkono. Volkmar akageuza sanduku akatufuata.

Sasa msidhani nawaletea hadithi tamu. Hakupona. Nyumbani gesi ilibidi ikatwe, na Volkmar siku moja alianguka jikoni. Mwishowe Hannelore alihamia nyumba ya kutunza wagonjwa, lakini ya hapa hapa mjini, tena aliikagua mwenyewe. Ya kwanza aliikataa, akasema inanuka kabichi. Ya pili akauliza kama dirisha linaangalia barabarani, akachagua kitanda chake. Kila asubuhi aliyosahau, Volkmar alimwambia upya anakwenda wapi na kwa nini. Alilia baadhi ya asubuhi. Nyingine alitukana. Lakini siku ya kuhama alitoka nyumbani kwake kwa miguu yake, anajua anakokwenda. Volkmar humtembelea kila siku, na usiku sasa analala.

Kwa hiyo ile nyumba haikuwa ubaya. Ubaya ulikuwa ule mpango wa kahawa.

Nawaambia nyinyi mnaosoma hapa, na wengi mna mzazi au mwenza wa namna hiyo: mgonjwa wa kusahau hajawa mzigo wa kusafirishwa. Mwambie. Akisahau, mwambie tena. Ni maisha yake, huna ruhusa ya kuyapanga chumba cha pili halafu ukamtabasamia. Na wewe unayefichwa, rafiki yako akikubadilikia ghafla, muulize ana nini kabla hujaanza kumwekea kinyongo. Mimi nilipoteza nusu ya safari ya mwisho na rafiki yangu nimenuna karibu na mla vitunguu. Hiyo siwasamehe waliojua.

Roswitha, najua unasoma. Nimeona jina lako kwenye waliopenda picha niliyoweka hapa.

Umenitumia maua mara ngapi sasa. Sitaki maua yako. Nenda kwa Hannelore, kaa mbele yake, umwombe radhi kwa sauti inayosikika. Usiniambie eti haina maana kwa sababu atasahau.

Akisahau, utamwomba tena.