Feni ya Saumu

"Elfu arobaini na tano, Mzee. Haishuki."

Mara ya tatu hiyo namwambia Mzee Faridi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mimi nataka kufunga banda langu hapa Ujiji. Kompyuta ya steshenari yake, ambayo kwa miaka kumi na moja hakuizima hata siku ya Idi, ilikufa alfajiri umeme ulipokuja kwa kishindo. Iliyoungua ni pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme. Ninayo mpya. Arobaini na tano, pamoja na ufundi.

Yeye alikuwa na thelathini.

Tena alikuwa na sharti. Feni ya boksi la zamani niing'oe, niifunge ndani ya boksi jipya.

Nikamwambia hiyo feni imezeeka kumshinda yeye. Sijasoma chuo, ufundi nimejifunza kwa kuunguza vya kwangu, lakini mteja haondoki kwangu na kibovu ndani ya kizima. Akasema binti yake Saumu pumzi zimembana tangu alfajiri ile ile, nifunge upesi, fedha iliyobaki ataleta. Nikacheka. Bei ikitajwa, kila mtu ana mgonjwa nyumbani. Nikamwambia akakope kwanza.

Akatoka akikokota kandambili. Mlangoni akageuka.

"Hiyo feni usiiguse mpaka nirudi, Nehemia."

Nipangiwe kazi kwenye banda langu? Nikachukua bisibisi, nikafungua boksi la zamani.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Si ya kapasita zilizoungua, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, hiyo naijua. Ubani... na nywele zilizochomwa.

Kapasita zilikuwa zimevimba, moja imepasuka kabisa. Kitu kimekufa. Waya wa umeme nimeukunja mwenyewe, uko mezani, haujachomekwa popote.

Feni ilikuwa inazunguka.

Polepole. Inazubaa... halafu inajivuta tena. Katikati yake zimezungushwa nywele za mtoto, zimesukwa vizuri, zimefungwa kwa uzi mweusi.

Nikakata nyaya zake mbili.

Ikaendelea.

Nikaing'oa, nikaisogeza sikioni. Hhh... hhh... Feni hailii hivyo. Mtu ndiye anayevuta hewa hivyo, mdomo wazi.

Mwenye akili angeiweka chini. Mimi hasira zikanipanda. Nikaona mzee amenitegea mazingaombwe nimshushie bei. Nikachomeka bisibisi katikati ya mapanga yake.

Ka.

Ikasimama.

Mtaa wa nyuma, upande wa kwa Mzee Faridi, mwanamke akapiga yowe moja. Likakatika katikati.

Nikaisukuma feni kwa kidole. Ikaenda nusu, ikarudi. Nikaiunga kwenye pawasaplai mpya, nikawasha. Haikutikisika. Nikapuliza kwa mdomo. Najua nilisema samahani, sijui nilikuwa namwambia nani.

Mzee Faridi alirudi adhana ya magharibi inaisha. Akaiona bisibisi ilipo. Hakunigombeza. Akaweka fedha mezani, zote, arobaini na tano.

"Saumu alikuwa na miaka minane," akanong'ona. "Kule kijijini Kagunga waliniambia nitafute kitu kinachozunguka usiku na mchana, wamfunge hapo."

"Wamfunge ili apone?"

"Hapana, fundi. Alikuwa ameshakufa."

Nikamwuliza ni akina nani hao wa Kagunga, na walimfanya nini. Akajibanza kwenye fremu ya mlango, kama mtu anayempisha mwingine aingie.

Akaingia msichana. Kanga ya njano, kichwa kimenyolewa, miguu mitupu. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza, akasimama karibu yangu mno. Kwa umbali ule ningesikia pumzi yake shavuni.

Sikusikia kitu.

"Shikamoo, fundi."

Marahaba ikanitoka yenyewe. Nikamsukumia feni. Hakuishika. Nikamsukumia fedha za baba yake. Hakuzitazama.

Alikuwa anatazama kifua changu. Kinavyopanda... kinavyoshuka.

Mzee Faridi akavuta mlango kwa nje. Nikasikia kitasa.

"Nakudai pumzi," Saumu akasema. "Nipe."