Maumivu Yanapimwaje?

Kila alasiri, akitoka shuleni, Maswali alipitia saluni ya mama yake. Alifagia nywele, akapanga vitana, na kuuliza maswali mfululizo mpaka wateja wakalisahau jina lake halisi.

Siku hizi swali lilikuwa moja. Mwezi uliopita, Mama alipokuwa akinunua mafuta ya nywele katika duka la jumla, rafu iliyofungwa ovyo ilimwangukia na kumvunja mbavu mbili. Duka lilikwishalipa gharama za hospitali. Lakini wakili, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisema ipo pia fidia ya maumivu yenyewe.

"Maumivu yanapimwaje, Mama? Kwa kilo au kwa lita?"

"Kamuulize wakili, mwanangu. Mimi najua kuyasikia tu."

Siku ya kwenda kwa wakili, afisa wa kampuni ya bima ya duka lile naye angekuwepo kuwasikiliza. Asipowaamini, Mama angekosa fidia hiyo. Njiani, Mjomba, aliyewasindikiza, alimvuta Maswali kando.

"Ukiulizwa, sema mama yako hawezi hata kuinua kitana. Tena ulie kidogo."

"Lakini anasuka, Mjomba."

"Wewe nawe! Unataka mama yako apate haki yake au hutaki?"

Maswali alitaka sana. Kwa hiyo afisa alipomuuliza hali ya nyumbani, alijikaza akasema, "Mama hawezi hata kuinua kitana."

Afisa aliweka kalamu mezani. "Ajabu. Jana nilipita saluni kwenu nikamwona anasuka."

Mama aliinamisha kichwa. Mjomba akaanza kuchunguza dari kana kwamba ndiye aliyeijenga. Maswali alitamani sakafu immeze.

"Mwanangu," wakili alisema taratibu, "sahau ulichofundishwa. Nyumbani kwenu kimebadilika nini?"

Maswali alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Hatucheki," alisema mwishowe.

"Hamcheki kivipi?" afisa akauliza.

"Mama akicheka, mbavu zinamchoma. Kwa hiyo tumeacha utani. Wateja wanaopenda soga wamehamia saluni nyingine. Juzi niliteleza na ndoo ya maji, Mama akaangua kicheko, halafu akalia. Na usiku analala amekaa kwenye kiti."

"Hata mimi nimepigwa marufuku," Mjomba alidakia. "Dada yangu ananifungulia mlango, ananiziba mdomo, ndipo ananikaribisha!"

Mama alijizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka, na papo hapo akajikunja, mikono yote miwili ubavuni, machozi yakimlengalenga. "Kaka, jamani! Nihurumie!"

Hakuna aliyecheka. Afisa alimtazama mpaka pumzi zikamrudia, kisha akaisoma upya taarifa ya daktari, safari hii polepole.

"Daktari ameyaandika haya," alikiri. "Mimi niliyapita haraka. Na wewe, binti, umesema kweli." Kabla hawajaondoka, alikubali kwamba kampuni italipa fidia ya maumivu.

Mlangoni, Maswali alimshika wakili mkono. "Samahani kwa ule uongo. Lakini bado sijajua. Yanapimwaje?"

Wakili aliinama, macho yakakutana. "Hakuna mizani yake. Tunauliza yamemnyang'anya mtu nini: usingizi, kazi, kicheko. Fedha haziwezi kuvirudisha vyote, ila zinamwambia aliyeumia kwamba ameaminiwa. Ndiyo maana tunasema ukweli mtupu. Uongo wako mdogo nusura ufanye maumivu ya kweli yaonekane ya kuigiza."

"Nimeelewa," alisema Maswali.

"Na mimi pia," Mjomba alinong'ona, kisha akaufunga mdomo wake kwa hiari yake mwenyewe, akampa dada yake mkono kumsaidia kushuka ngazi.