Mlio wa Pili

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya karakana, na Fundi Chaki alikuwa ananawa grisi kwa mafuta ya taa, aliposikia injini aliyoifahamu. Miaka sita hakuisikia.

Gari la Mwalimu liliingia taratibu. La zamani, la buluu, bampa zinang'aa, limetunzwa kama yai. Mwenyewe ndiye hakutunzwa. Alikuwa amekonda, na shati lilimning'inia mabegani kana kwamba kaliazima kwa kaka yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi wangu. Najua unafunga. Lakini binti yangu anakuja kesho asubuhi, nimeamua kumpa hili gari. Mlango wa abiria unanisumbua."

"Unasumbuaje?"

"Unafunga nusu. Ukiugusa tu, unaachia." Akasita. "Ni ule ule."

Ule ule. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Kupitia mlango huo, shemeji yake, mke wa Mwalimu, alianguka nje ya gari kwenye kona ya daraja, akafa. Fundi alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alilia kuliko ndugu wa damu, na watu wakamsifu kwa utu wake. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Aliufungua mlango. Harufu ikamfikia puani... Mafuta ya nazi. Yale ya nywele, ambayo shemeji alikuwa akijipaka mpaka kola inalowa, na yeye Fundi akimtania kwamba akikaa juani atakaangika. Gari lililolala chini ya turubai miaka yote hiyo lingenuka vumbi na panya.

Aliwasha taa ya mkononi.

Milango ya magari ya zamani ina milio miwili. Kwenye nguzo ya mwili wa gari kuna jino la chuma, na kitasa cha mlango hulivamia kikaliuma. Mlio wa kwanza ni wa kushika tu. Wa pili ndio wa kufunga. Jino likikaa vibaya, hata upana wa ukucha, wa pili hausikiki. Kwa hiyo fundi hulegeza skrubu zake tatu, akazikaza kwa vidole tu, akalisogeza jino huku na huku mpaka milio yote miwili isikike. Kisha huzikaza kwa bisibisi kwa nguvu zake zote. Na huyu wetu, akishamaliza, huchora mstari wa chaki juu ya vichwa vya skrubu. Ndiko jina lake lilikotoka. Pasipo na mstari, kazi haijaisha.

Alizigusa skrubu. Zilizunguka kwa kidole.

Zote tatu. Zimekazwa kwa vidole tu, vile vile alivyoziacha.

Alizikaza mpaka kifundo cha mkono kikauma, akausukuma mlango.

Tk.

Mmoja tu. Akafungua. Skrubu zimelegea.

"Hesi zimekufa," alijisemea, ingawa mizunguko ya skrubu haifi kwa kufumba na kufumbua. Alileta skrubu mpya, akazikaza akikunja uso, akachora mstari mnene wa chaki. Akafunga.

Tk.

Alipofungua, mstari ulikuwa umefutwa. Palikuwa na alama ya kidole gumba kwenye chaki. Kidogo, chembamba. Alikilinganisha na chake, kinene kama muhogo, akajua hakikuwa chake.

Mwalimu alikuwa amekaa juu ya kreti, amelipa gari mgongo. Hakuwahi kuweza kuutazama mlango ule.

"Unajua tuligombana siku ile?" alisema. "Kwa ajili ya pazia, fundi. Pazia! Nikamtupia neno ambalo mtu hamwambii mkewe. Akanyamaza, akageukia dirisha. Kufika kwenye kona, mlango ukafunguka." Alivuta pumzi. "Aliufungua mwenyewe. Alinikimbia. Binti yangu aliponiuliza, nikamwambia kweli, kwamba tuligombana. Tangu hapo haniiti baba. Nadhani hili gari anakuja kulichukua tu kwa sababu mama yake alilipenda."

Miaka sita Fundi alikuwa amejifariji kwamba amemficha Mwalimu uchungu. Kumbe alikuwa amemwachia mwingine, mbaya zaidi, aubebe peke yake.

Ndani ya gari, kiti cha abiria kililia, kama kinavyolia mtu akikaa.

Kisha sauti. Ya chini, ya upole, ile ile iliyomwita kupitia dirisha mchana ule yeye akiwa benchini na kikombe cha chai.

"Fundi... tayari?"

Siku ile alijibu. Alikuwa ameumega mkate, mdomo umejaa, na wenyewe walikuwa na haraka, ufunguo upo tayari kwenye gari. Akapunga mkono, akapaza sauti: "Tayari, shemeji!"

"Fundi... tayari?"

"Bado," alinong'ona. Machozi yakamtiririka. "Bado, shemeji. Haikuwa tayari."

Mwalimu aligeuka. "Unasema na nani?"

"Hakuufungua yeye, Mwalimu. Ni mimi." Aliyasema yote pale pale, amepiga magoti penye nguzo. Skrubu za vidole. Chai. Jinsi alivyoikuta chaki mfukoni jioni ile, nzima, haijatumika, akasema nitampitia Mwalimu kesho. "Kesho yake nikasikia msiba. Nikaogopa."

Nyuma yake, bila kuguswa, mlango ulijifunga.

Tk.

Tk.

"Hakunikimbia?" Mwalimu aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Hakukukimbia."

Mzee alisogea, akaweka paji la uso kwenye kioo cha mlango ule, akalia kwa sauti kama mtu aliyepewa habari za msiba leo hii. Fundi hakuthubutu kumgusa. Mwalimu alipomaliza, alijifuta kwa mkono wa shati.

"Ulibeba jeneza lake," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Kesho saa mbili utakuja nyumbani. Utamwambia binti yangu. Kwa mdomo wako."

"Nitakuja."

Mwalimu aliondoka. Gari lilipompita getini, Fundi alivuta pumzi kwenye dirisha lililo wazi. Vumbi na petroli, basi. Harufu ilikuwa imetoka. Alishukuru Mungu, kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akarudi ndani kuzima taa.

Karakana nzima ilinuka mafuta ya nazi.

Alisimama wima. Hapakuwa na gari jingine mle, wala mlango ila ule aliouingilia, nao ulikuwa wazi. Sauti ilitokea kwenye benchi kuukuu la ukutani, lile alilonywea chai siku ile.

Tk.

Fundi aliikamata chaki mfukoni, akausubiri wa pili, akijua hautakuja mpaka amwambie binti kesho.