Kifundo cha Mguu wa Kokushubila

Kokushubila alikuwa na miezi mitatu tu Temeke tangu atoke Bukoba. Mumewe, Kamugisha, alifanya kazi ya reli, akawa safarini mara nyingi. Wanawake wa jirani aliwasalimu bombani, kisha akarudi kwenye nyumba yake tupu.

Jumatatu moja jirani yake, Bi Chausiku, alimwambia, "Shoga, Ijumaa tunatwanga mpunga wa harusi ya mwanangu. Na wewe uje."

Kokushubila alirudi na debe la maji kichwani, akitabasamu. Akateleza kwenye matope. Mguu ukapinduka, kifundo kikavimba.

Hakumwambia mtu. Aliukanda mguu kwa maji ya moto, akausugua kwa nguvu. Uvimbe ukazidi. Siku nne alikaa ndani, peke yake.

Ijumaa maumivu yalipungua. Akasikia vinu vinalia. "Nisipokwenda, hawataniita tena," aliwaza. Akatoka. Njiani mguu ukamshinda, akaketi chini akilia.

Bi Chausiku alimwona, akaja na nduguye Mwishehe, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliyekuja harusini.

Mwishehe alibonyeza mifupa ya kifundo taratibu. "Unaweza kukanyaga hatua nne?"

"Naweza, nikichechemea."

"Afadhali. Ungeshindwa, au mfupa ungeuma nikiubonyeza, tungekwenda hospitali sasa hivi. Umeteguka. Uliukanda?"

"Kwa maji ya moto."

"Lo! Siku mbili tatu za mwanzo ni kitambaa cha maji baridi, na usisugue. Pumzika, weka mguu juu ya mto, funga bendeji isiyobana. Maumivu yakipungua, uchezeshe kidogo kidogo, kisha utembee kidogo kidogo."

"Si mguu umeshapona? Leo maumivu yalipungua."

"Bado. Maumivu hutangulia kuondoka. Mguu huchukua wiki mbili, na ulioumia sana wiki sita au zaidi."

"Na kutwanga je?" Kokushubila aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kumbe unalilia hilo?" Bi Chausiku akacheka. "Mie nilidhani hututaki, unajifungia ndani! Kutwanga hutwangi. Mikono nayo imeteguka?"

Wakamshika huku na huku hadi uani. Wakamweka mkekani, mguu juu ya mto, na ungo wa mchele mapajani. Akachambua mchele mpaka alasiri, huku wakimtania kwa Kiswahili chake cha Bukoba.

Alifuata maneno ya Mwishehe. Wiki ya saba alitembea bila kuchechemea.

Kamugisha aliporudi safari, alikuta viatu vingi vya kike barazani. Akasimama nje, akidhani amekosea nyumba.